Ziara za makumbusho: tunapeleka wanafunzi kujifunza au kupanga foleni mbele ya kioo?

#1 Mwalimu wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Msimu wa ziara za shule ndio unaanza, na tangu somo la Historia ya Tanzania na Maadili liingie kwenye mtaala mpya, naona kila shule inataka kwenda makumbusho. Jambo jema. Ila kwa jinsi zinavyofanyika, nyingi ni hasara kwa mzazi aliyechangia. Mabasi matatu yanatia nanga saa sita mchana. Watoto mia na hamsini wanashushwa kwa mpigo, mwongozaji mmoja anapaza sauti mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Walio mbele wanasikia, walio nyuma wanasukumana na kupiga selfi. Dakika ishirini tu, mwalimu anapiga filimbi: haya, soda! Mtoto akifika nyumbani baba yake anamuuliza umeona nini, anajibu "tumeona kichwa". Basi.

Mimi nafundisha historia sekondari huku Nyanda za Juu Kusini, na ziara hizi nimezipanga sana tu, nyingi za Iringa. Naweka hapa ninavyofanya, mwenye lake naye aongeze.

La kwanza ni ukubwa wa kundi. Makumbusho ya Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, pale Kalenga ni jengo dogo. Ukiingiza darasa zima kwa pamoja, wanaoona ni wale kumi wa mbele, waliobaki wanaona visogo vya wenzao. Nagawa mafungu matatu. Moja liko ndani na mwongozaji, la pili liko na mwalimu kwenye makaburi ya familia ya Mkwawa hapo jirani, la tatu limekaa chini ya mti na karatasi ya kazi. Nusu saa, wanabadilishana. Hii inawalazimu walimu wote tuliokuja kujua kitu cha kuwaambia watoto, badala ya kuja kuhesabu vichwa na kula posho.

La pili, na hili ndilo hasa lililonifanya nianzishe uzi: kila fungu liende na swali moja tu, na liwe swali linalomlazimisha mtoto kutazama kilichopo pale na kumsikiliza mwongozaji. Usimpe "eleza sababu tano za upinzani wa Wahehe". Hizo ataziandika kwenye mtihani bila kutoka darasani.

Nikupe mfano wa swali ninalolitumia. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliofunga hesabu za Vita Kuu ya Kwanza huko Ulaya, una kifungu cha 246. Ndani yake kimetajwa kichwa cha Mkwawa. Kwa nini wakubwa waliokaa Ufaransa kugawana dunia waandike kuhusu fuvu la mtu wa Iringa? Mwanafunzi akisikia hivyo darasani anadhani mwalimu anatania. Kifungu kiliipa Ujerumani miezi sita iwe imelikabidhi fuvu kwa serikali ya Uingereza. Tunafika Kalenga, tunasimama mbele ya kioo, mwongozaji anasema fuvu lilirudi 19 Juni 1954, likaletwa na Gavana Edward Twining. Hapo nanyamaza, nawaacha wapige hesabu wenyewe. Miezi sita imezaa miaka 35! Kelele zinazofuata ndizo ninazozitafuta. "Lilikuwa wapi muda wote huo?" "Walijuaje kama ni lenyewe?" Na hilo la pili ni swali zito, maana Twining alilichagua kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa makumbusho ya Bremen, na wapo wanahistoria wenye mashaka mpaka leo. Simfichi mtoto. Namwambia wewe ndiye mwanahistoria, niambie ungethibitishaje.

La tatu ni mpangilio wa njia. Wengi mnakwenda popote dereva anapoona pa karibu. Iringa imekaa kiasi kwamba historia yake unaweza kuipita kwa gari kwa mfuatano wake. Mnaotoka Dar au Morogoro, mnara wa Lugalo mnaukuta kabla hamjaingia mjini. Simameni pale. Tarehe 17 Agosti 1891 ndipo jeshi la Mkwawa lilipomvizia kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, na kikosi chake, na Zelewski akafia hapo hapo. Watoto waanze na ushindi. Baadaye ndiyo Kalenga, ambako Wajerumani walirudi na mizinga wakaivunja ngome 30 Oktoba 1894. Mkwawa akaponyoka, akawasumbua kwa vita vya kuvizia karibu miaka minne, hadi 19 Julai 1898 alipojipiga risasi kule Mlambalasi ili asikamatwe. Mlambalasi yenyewe iko mbali, njia ya Hifadhi ya Ruaha, msiilazimishe kwenye ziara ya siku moja.

Isimila, kule kwenye zana za zama za mawe, ni asubuhi na mapema. Lile korongo lenye nguzo za udongo uliochongwa na maji halina kivuli cha maana, na jua la saa sita mle halina huruma. Halafu kumbukeni Isimila iko barabara ya Mbeya, kama kilomita 20 toka mjini, na Kalenga iko njia nyingine kabisa. Lazima mrudi mjini kwanza. Wengi hawalihesabu hilo kwenye mafuta wala kwenye muda. Boma la Iringa, makumbusho ya mkoa, naliacha la mwisho, kwa sababu liko katikati ya mji, lina kivuli, na wakati huo watoto wamechoka, wanataka mahali pa kutembea taratibu.

Karibuni.

#2 Mji Kasoro

Uzi bila picha haunogi, mwalimu. Tupia hata moja ya Isimila.

#3 Mwalimu wa Zamu

Picha zangu zote zina sura za watoto wa watu, mkuu. Sizirushi mtandaoni. Nikienda mwenyewe nitapiga za nguzo tupu nikuletee.

#4 Suka wa Kosta

Mwalimu umeongea yote, umetusahau sisi. Mimi naendesha Kosta, na miezi ya ziara nakodiwa na shule kila wiki. Mnatuambia "dereva, saa kumi na moja alfajiri uwe getini". Nafika. Saa mbili na nusu bado tupo, eti wali haujaiva! Muda wote mnaoupoteza jikoni mnataka niulipe mimi barabarani kwa mwendo. Silipi. Kupita mlima Kitonga na basi limejaa watoto usiku sitaki hata kusikia.

Ushauri wa bure: chakula cha asubuhi kiwe chapati na mayai yaliyochemshwa jana yake, kila mtoto na mfuko wake. Gari lipelekwe kwa trafiki likaguliwe siku moja kabla, sio asubuhi ya safari. Mwalimu mkuu asiongeze kituo njiani. Na mifuko ya kutapikia mje nayo ya kutosha, mashuka ya siti nafua mimi.

#5 Mwalimu wa Zamu

Suka, nimekoma kwa niaba ya walimu wote. Hilo la wali ni kweli tupu.

#6 Mlinzi wa Funguo

Acha na mimi wa upande wa pili niseme. Nimewahi kuongoza wageni kwenye makumbusho moja, sitaitaja. Mwalimu, asilimia kubwa ya ulichoandika ndicho tulichokuwa tunakililia ofisini.

Kitu cha kwanza kinachoharibu ziara ni barua. Shule inakuja bila taarifa, au barua inafika asubuhi ile ile mkononi mwa mwalimu anayeshuka kwenye basi. Sisi hatujui ni kidato cha kwanza au cha nne, hatujui wanasoma mada gani, na pengine siku hiyo kuna shule nyingine mbili ndani. Sasa unategemea nikupe nini zaidi ya ile hotuba ya kila siku? Leteni barua mapema. Andikeni idadi, darasa, mada, saa mtakayofika, na kama kuna mtoto mwenye ulemavu anayehitaji msaada wa ngazi. Mstari mmoja tu, "tunasoma biashara ya misafara", unanifanya niwatolee vitu tofauti kabisa na vile ningemwonyesha mtu anayesoma zama za mawe. Malipo nayo siku hizi ni ya namba ya malipo ya serikali, hatupokei hela mkononi. Ukija na noti kwenye bahasha utakaa getini ukihangaika na mtandao, watoto wamejipanga juani.

Kitu cha pili, walimu wenyewe. Mwalimu akishafika getini anajiona amemaliza kazi. Anatafuta kivuli, anafungua simu. Mimi ambaye hata majina ya watoto siyajui ndiye ninayegeuka mwalimu wa nidhamu. Watoto wana akili, wakimwona mwalimu wao amekaa nje wanajua hapa hakuna mtihani. Mwalimu akisimama nyuma ya kundi na daftari lake, akauliza swali moja tu, kundi zima linabadilika.

Na kitu ambacho shule hazikijui ni kwamba unaweza kuomba programu, si kutembezwa tu. Makumbusho nyingi zina watu wa elimu ambao kazi yao ni hiyo. Kuna vitu vinawekwa kwa ajili ya kushikwa, tofauti na vile vya kwenye kabati. Tulikuwa na zoezi moja rahisi: tunampa kila mtoto kitu kimoja, tuseme kibuyu cha kusukia maziwa au jiwe la kusagia, hatumwambii ni nini. Anakigeuza, anakinusa, anatafuta sehemu iliyolika kwa kutumika. Kibuyu cha maziwa kina harufu ya moshi, mtoto anayekinusa anauliza moshi wa nini. Hapo somo limeanza, na sijafungua mdomo. Dakika arobaini zinakwisha na hakuna aliyekumbuka simu.

Tena si lazima mje. Mtukaribishe shuleni, tutakuja na sanduku la vitu vyetu. Kwa shule ya mbali, nauli ya watu wawili na sanduku ni nafuu kuliko mabasi matatu.

#7 Nimekaa Paleee

Nasoma comments. Huyu wa #6 apewe maua yake.

#8 Kijana wa Leo

Mimi nitasema ambalo hamtaki kulisikia. Makumbusho zetu nyingi zinachosha. Nilipelekwa nikiwa darasa la sita, juzi nimempeleka mwanangu pale pale, maandishi ni yale yale, karatasi imegeuka njano, taa moja imeungua. Mtoto ana simu inayomwonyesha dunia nzima, unamsimamisha mbele ya mkuki wenye kibandiko kisemacho "mkuki". Halafu mnalaumu watoto kwa kupiga selfi.

#9 Mwalimu wa Zamu

Kijana, sikatai. Kibandiko cha "mkuki" nimekiona na mimi. Lakini angalia, ule mkuki Kalenga upo pamoja na ngao na bunduki za wakati huo. Mwambie mtoto asimame katikati ya mkuki na bunduki, aniambie Lugalo walishindaje. Jibu liko kwenye kile kichaka walichojificha barabarani na zile sekunde chache kabla askari hawajapata nafasi ya kupakia risasi. Kibandiko hakitamwambia hilo hata kikiandikwa upya kwa dhahabu. Mimi sisubiri wizara ibadilishe taa ndipo nifundishe.

Hata hivyo unachosema kiwafikie wahusika. Taa ni taa.

#10 Kijana wa Leo

Kidogo umenishika. Ila taa wabadilishe.

#11 Dada wa Ruvuma

Wana Iringa mmejisifu, naomba na Songea isikike. Makumbusho ya Majimaji tunayo hapa mjini, na kama mnataka ziara yenye uzito, njooni mwishoni mwa Februari. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani walinyonga hapa zaidi ya watu 60, machifu na manduna wa Wangoni, wakazikwa kaburi moja. Kila mwaka siku hizo kuna kumbukumbu, wanakuja wazee, familia za walionyongwa, ngoma ya lizombe, wanafunzi wa shule za hapa, viongozi. Mtoto anayesoma Majimaji kitabuni anaambiwa vita ilianza Umatumbi 1905, Kinjikitile, maji, ikaisha. Akija hapa anakutana na mzee ambaye babu wa babu yake yumo kwenye lile kaburi. Anamuuliza mwenyewe.

Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu umechukua jina lake, inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa makumbusho, akakaa na familia, akaomba radhi. Aliahidi kwamba watajaribu kukitafuta kichwa. Tangu siku hiyo kila kundi la wanafunzi linalofika linauliza swali lile lile: kimeshapatikana? Mwongozaji hana jibu la kuwapa. Mwalimu wa Zamu, wewe una fuvu lisilo na uhakika, sisi tuna uhakika usio na fuvu. Ungeziunganisha Kalenga na Songea kwenye somo moja ungeona mjadala wake.

#12 Mwalimu wa Zamu

Dada, hilo nimeliandika kwenye daftari sasa hivi. Kidato cha tatu mwakani, Mungu akipenda.

#13 Mzee Baraza

Wanangu, nimesoma kwa utulivu. Mnanisamehe nikiwa kinyume nanyi. Mimi naona si sawa mtoto wa watu kupelekwa kutazama fuvu la binadamu kwenye kioo. Kwetu maiti anasitiriwa. Yule mzee alijitoa uhai asiguswe na adui, adui akamkata kichwa akakiweka kabatini Ulaya. Tumekirudisha, na sisi tukakiweka kabatini. Tofauti iko wapi? Zikeni, wekeni picha, watoto wafundishwe kwa picha.

#14 Mnyalukolo Halisi

Kamwene wote. Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni mtoto wa Kalenga, nimekua nikipita pale kwenda kisimani, kwa hiyo naomba nikujibu kwa heshima.

Tofauti iko hapa: Bremen lilikuwa namba, Kalenga ni nyumbani. Lilipokelewa na mjukuu wake mwenyewe, Chifu Adam Sapi Mkwawa, huyo huyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Watu hawaingii pale wakicheka. Bibi yangu alikuwa akipita mbele ya lile jengo anashusha kitambaa begani. Ushahidi ukiuzika, baada ya vizazi viwili atatokea mtu na shahada zake atuambie jambo hilo halikutokea.

Ila nakubaliana nawe kwa moja. Makundi yanayoingia na muziki kwenye spika ya simu, yanayopiga selfi na ulimi nje mbele ya mzee, hayo yananikera kuliko neno. Mwalimu awaambie watoto kabla hawajashuka kwenye basi: unaingia msibani.

#15 Mzee Baraza

Marahaba mwanangu. Umenijibu vizuri, ila hujanibadilisha. Kama kumbukumbu ndiyo hoja, kaburi lenye jina juu yake nalo linakumbusha. Wenzetu wa Songea wamesimama kwenye kaburi na hakuna aliyesahau.

#16 Nimekaa Paleee

Hapo kwenye #13 mpaka #15 nimeweka kambi. Mahaba na hoja, hakuna tusi. Hii jukwaa imerogwa leo?

#17 Bint Kisauni

Hamjambo nyote, nawasoma kutoka Mombasa. Mbona mwazungumza wanafunzi, wanafunzi, kana kwamba watu wazima hawana macho? Sisi tuna chama chetu cha akina mama, twachanga kila mwezi, na badala ya kula pesa yote kwa harusi twaamua mara moja moja kwenda mahali pamoja. Tulikwenda Fort Jesus. Wengi wetu tumezaliwa chini ya ukuta wake na hatujawahi kuingia! Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga 1593, Waarabu wa Omani wakaizingira tangu 1696 mpaka wakaitwaa 1698, Waingereza wakaifanya jela mpaka 1958. Mama mmoja katika sisi alisema babaake alifungwa humo. Tuko naye katika chama miaka na miaka na hatukulijua hilo.

Mtembezaji wetu alikuwa kijana mzuri, mwenye adabu. Alianza kwa yale ya vitabu. Tukafika kwenye michoro ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani kwa kujipitishia wakati, majahazi na samaki, bibi mmoja akamwambia, "Mwanangu, hebu ngoja." Akamuonyesha kwenye mchoro tanga, kamba, mlingoti, kila kitu kwa jina lake, maana mumewe alikuwa nahodha. Kijana akatoa kalamu akaandika. Tulikaa mbele ya ukuta huo muda mrefu kuliko mahali popote. Sasa nambie, angekuwa na kundi la watu themanini, bibi angepata wapi nafasi ya kusema "hebu ngoja"?

Nendeni na wazee wenu. Makundi ya misikiti, kwaya, vikoba, wastaafu. Mwendo uwe wa pole na viti viwepo, goti la bibi halijui historia.

#18 Mlinzi wa Funguo

Bint Kisauni, umesema kitu kikubwa. Makundi ya wazee ndiyo yaliyokuwa yakitufundisha sisi waongozaji. Bahati mbaya yalikuwa yanakuja mara chache sana. Wanaotaka kuanza, Siku ya Makumbusho Duniani ni 18 Mei kila mwaka, na makumbusho nyingi huwa na shughuli siku hizo. Ulizeni mapema.

#19 Ngosha wa Kisesa

Kwetu Bujora hapa karibu na Mwanza mtu halali! Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na Padri David Clement, Mkanada aliyejifunza Kisukuma mpaka akawa mtu wa ngoma. Kundi likiomba mapema linachezewa ngoma na lenyewe linaingizwa uwanjani. Ukitaka pilikapilika kamili njoo kwenye tamasha la Bulabo, Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, uone vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, wanavyoshindana. Watoto wa mjini wanashangaa kuona watu wazima wanagombania nani amevuta umati mkubwa, kumbe ushindani wenyewe una historia yake. Ngoma za watemi nazo zipo za kutazama, kila moja na himaya yake. Hizo usiguse bila ruhusa.

#20 Mbongo wa Berlin

Naongeza la huku. Mtaa wa Wedding kuna eneo linaitwa Afrikanisches Viertel, yaani Kitongoji cha Afrika, na vikundi vya wanafunzi wa Kijerumani wanatembezwa kwa miguu kusoma ukoloni kwenye vibao vya barabara. Barabara ya Petersallee, iliyokuwa inahusishwa na Carl Peters, mkoloni yule yule wa kwetu, ilibadilishwa jina Agosti 2024. Sehemu yake moja sasa ni Maji-Maji-Allee. Dada wa Ruvuma, ukija nitakusimamisha chini ya kibao tupige picha. Hakuna kiingilio wala kioo, kundi linasimama tu kandokando ya barabara na mtembezaji anaongea.

#21 Dada wa Ruvuma

Nauli tuma wewe, kaka.

#22 Mhasibu wa Shule

Wote mmesema vizuri, sasa tuje kwenye fedha maana mimi ndiye ninayepigiwa simu na wazazi. Kiingilio cha wanafunzi si tatizo. Basi ndilo linalomeza kila kitu. Mzazi wa watoto watatu utamwambia nini?

#23 Mwalimu wa Zamu

Mhasibu, umegusa penyewe. Jibu langu: kabla hujakodi basi la kwenda mbali, jiulize kilichopo karibu na geti lako. Wa Bagamoyo ana Caravanserai na Kaole, wa Kigoma ana Ujiji ambako Stanley alimkuta Livingstone 1871, wa Tabora ana Kwihara alikokaa Livingstone, wa Arusha ana Makumbusho ya Azimio pale kwenye mnara wa Mwenge, wa Musoma ana Butiama. Wa Dar ana Kijiji cha Makumbusho, daladala inamshusha mlangoni, tembe la Wagogo na msonge vyote kwenye uwanja mmoja tangu 1966. Nimewahi kuona shule ya Dar imevuka mikoa mitatu kwenda kutazama nyumba za asili ambazo zipo Kijitonyama! Ziara ya mbali iwe kwa kidato kimoja tu kwa mwaka, na tangazo litoke muhula wa kwanza ili mzazi achange kidogo kidogo. Na wale wasio na uwezo, naombeni msiwaache wakiosha madarasa siku hiyo. Ongezeni kidogo kwa kila mwenye uwezo, basi litaondoka na wote.

Pia usidharau lile la Mlinzi wa Funguo, sanduku lije shuleni.

#24 Suka wa Kosta

Mwalimu sasa unataka kutuua na njaa.

#25 Mwalimu wa Zamu

Suka, ukiwahi getini na mimi nikiwahisha chapati, kazi yako haikosi.

#26 Mama Darasa la Tano

Nimechelewa, nimesoma wote. Nafundisha msingi, Mafinga. Darasa la tano, watoto 64, walimu tuko wanne. Nataka Iringa siku moja kwenda na kurudi. Wataweza Isimila na Kalenga zote? Na lile fuvu, baada ya hoja ya Mzee Baraza, nimeingiwa na wasiwasi.

#27 Mwalimu wa Zamu

Mwalimu mwenzangu, 64 kwa walimu wanne ni makundi manne ya 16, umekaa vizuri. Mkitokea Mafinga, Isimila mnaipata kabla ya mji, hivyo anzeni hapo, saa mbili asubuhi muwe mmeshuka. Swali lao liwe moja: utajuaje kama jiwe hili limechongwa na mtu, au limevunjika lenyewe? Mwombe mwongozaji awaonyeshe mashoka ya mawe na mawe ya kawaida pamoja, wabishane. Wachukue daftari wachore, kuchora kunawatuliza na kunawafanya watazame. Kofia kila mtoto, maji kila mtoto. Kutoka hapo nendeni Boma, mle chakula mjini, muanze kurudi saa tisa.

Kalenga waacheni wakue kidogo. Kama mkuu wa shule atang'ang'ania, nendeni, lakini kundi la ndani liwe la wale ambao wazazi wao wamekubali kwa maandishi, wengine wabaki makaburini na mwalimu anayeijua hadithi. Nikutumie karatasi ya maswali ya Isimila? Njoo inboksi.

#28 Mama Darasa la Tano

Nitumie mwalimu. Na ile barua ya Mlinzi wa Funguo, kama ana mfano wake auweke hapa, wengi tutaunakili.

#29 Mlinzi wa Funguo

Naiandaa, naiweka jioni nikitoka kazini. Mama, andika kabisa kwamba mnataka mawe ya kushika. Usipoliandika hutaletewa.